Mhandisi Mitambo Baada ya Shahada

Msikilizaji, shahada ya uhandisi mitambo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huchukua miaka minne. Lakini hapa ndipo penye jambo: cheti cha chuo peke yake hakimpi kijana usajili wa mhandisi mtaalamu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi humtaka kwanza afanye kazi chini ya usimamizi, kwa kawaida miaka mitatu.

Je, wewe usiye na mtoto chuoni yakuhusu nini? Sikiliza: lifti ya hospitali, boila ya kiwanda, mitambo tisa ya umeme ya Bwawa la Julius Nyerere, kila mmoja megawati 235, vyote hivyo viko mikononi mwa wahandisi hawa. Kwa hilo, sioni ubaya wa kuwasubirisha.

Sasa tugeukie upande wa pili. Nafasi za kujifunza kazi chini ya usimamizi ziko wapi? Mwenye karakana ndogo humtaka fundi wa chuo cha ufundi cha VETA, anayeshika spana siku ileile. Namwelewa, bili ya umeme haimsubiri.

Basi kijana aliyekosa pa kujifunzia, miaka yake mitatu aanze kuihesabu lini?