Kompyuta Isipoitambua Kamera, Kadi Isifomatiwe Haraka

Mada kwa wapiga picha wa vikundi vya vijana na wanawake



Mpiga picha wa harusi hupokea malipo ya kwanza kabla ya sherehe, na salio anapokabidhi picha. Kati ya malipo hayo mawili kuna kazi inayoonekana ndogo: kuhamisha picha kutoka kwenye kamera hadi kwenye kompyuta. Siku kompyuta inapokataa kuitambua kamera, mteja anapiga simu, wasiwasi unaingia, na kwenye skrini unatokea ujumbe kwamba kadi lazima ifomatiwe kwanza. Mwenye haraka hukubali, na kazi ya siku nzima hupotea. Harusi hairudiwi, wala mazishi.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba kompyuta kushindwa kuiona kamera si dalili kuwa picha zimepotea. Picha zikionekana kwenye skrini ya kamera yenyewe, basi zimo ndani ya kadi, na hitilafu iko njiani. Njia hiyo ikaguliwe hatua kwa hatua, kuanzia palipo rahisi.

Kwanza, kamera. Iwe imewashwa, na betri iwe na chaji ya kutosha. Wi-Fi yake izimwe, kwa sababu baadhi ya kamera haziruhusu Wi-Fi na USB kwa wakati mmoja.

Pili, kebo. Kebo ya kawaida ya USB ina nyaya nne ndani: mbili za umeme na mbili za data. Baadhi ya kebo za bei nafuu za kuchaji simu zina zile mbili za umeme peke yake. Kebo ya namna hiyo huchomeka vizuri na huchaji, lakini picha haziwezi kupita. Dawa yake ni kutumia kebo iliyokuja na kamera, au nyingine inayojulikana kuwa inahamisha faili.

Tatu, tundu la USB. Kebo ichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta, kisha ijaribiwe kwenye tundu jingine.

Nne, mipangilio. Kwenye menyu ya kamera nyingi kuna sehemu ya USB yenye chaguo kama PTP, MTP au Mass Storage. Likishindikana moja, lijaribiwe jingine. Kwenye Windows, kamera ikionekana katika Device Manager ikiwa na alama ya njano, iondolewe hapo, kebo ichomolewe, kompyuta izimwe na kuwashwa tena, kisha kamera ichomekwe upya.

Tano, kisoma kadi. Mara nyingi hii ndiyo njia ya mkato: kadi inatolewa kwenye kamera iliyozimwa na kuingizwa kwenye kisomaji, na picha zinapatikana katika folda ya DCIM. Lakini kadi za SDHC, zisizozidi GB 32, hutumia mfumo wa FAT32, ilhali SDXC, zinazozidi GB 32, hutumia exFAT. Kisomaji au kompyuta ya zamani huenda isiielewe SDXC, ikaomba ifomatiwe ingawa kadi ni nzima. Hapo ibonyezwe "Cancel", kisha kadi ijaribiwe kwenye mashine mpya zaidi.

Anayetumia kompyuta ya saiba akumbuke kitelezi kidogo kilicho ubavuni mwa kadi kubwa ya SD. Kikisukumwa upande wa "Lock", picha zinasomwa lakini hazifutwi kwa bahati mbaya, na virusi havipati nafasi ya kuandikwa kwenye kadi.

Hata kamera ikishindwa kuisoma kadi, isipigiwe picha nyingine, kwa kuwa picha mpya huandikwa juu ya zile za awali. Programu ya bure ya PhotoRec inaweza kuokoa nyingi, mradi zihifadhiwe kwenye kompyuta, si kwenye kadi ileile.

Kufomati kuna wakati wake: baada ya picha kufika mahali pawili tofauti na kufunguliwa zikaonekana. Kazi hiyo ifanywe ndani ya kamera yenyewe. Kabla ya hapo, mteja aombwe kusubiri siku moja zaidi.