Hotuba ya Katibu: Elimu ya Juu ya Fedha na Chama Chetu



Leo chama chetu kimetimia miaka kumi. Wenzangu wamesema habari za mashamba. Mimi nimeomba ruhusa niseme habari za daftari, kwani wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwanza yanipasa kukiri kosa. Katika mwaka wa nne wa chama nilitia sahihi mkopo wa shilingi 1,200,000, wa kulipwa kwa miezi 12. Mkopeshaji alitaka ziada ya asilimia 20, yaani shilingi 240,000, nami nikaona ni nafuu. Sikutambua ya kuwa kila mwezi tulirudisha shilingi 100,000 za asili, basi deni lilipungua, lakini ziada haikupungua. Wastani wa deni kwa mwaka mzima ulikuwa shilingi 650,000 tu. Na 240,000 juu ya 650,000 ni karibu asilimia 37. Hesabu hiyo si ngumu. Aliyefundishwa huiona kabla ya kutia sahihi. Mimi niliiona baada ya kulipa. Na wazee walionionya siku ile juu ya riba walisema kweli.

Mwenye shahada ya pili ya fedha hufundishwa kupima thamani ya fedha ya leo na ya kesho, kukadiria hatari, na kuchagua baina ya mtaji na deni. Mambo hayo si ya mabenki peke yake. Apandaye mkarafuu hungoja miaka ipatayo saba. Apandaye mwani hungoja kiasi cha wiki sita. Mkopo wa namna moja hauwezi kuwafaa wote wawili. Tena twahitaji mtu azijuaye vyema njia zisizo na riba, kama mudharaba na murabaha, asije akadanganywa kwa jina tu.

Shahada hiyo haipatikani kwa haraka. Sharti mtu awe na shahada ya kwanza. Mimi nilikomea sekondari, kwa hiyo sijiombei nafsi yangu. Hapa kwetu tunacho Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na mwaka 2016 chuo cha fedha cha Chwaka kiliunganishwa nacho. Ng'ambo ya bahari, Chuo cha Ushirika Moshi, kilichoanza mwaka 1963, kimekuwa chuo kikuu kamili tangu 2014.

Naomba basi mkutano ukubali kumsaidia karo mtoto mmoja wa mwanachama, awe mwanamume au mwanamke, mwenye shahada ya kwanza. Achaguliwe na kamati, wala si na katibu. Na aandike mkataba wa kukitumikia chama akirudi, kwani najua wengi mnachelea kuwa atasoma kisha atupe kisogo.

Nimeulizwa kama siogopi kunyang'anywa kiti changu. Ndugu zangu, kiti ni cha chama. Siku atakapokuja anayeweza kusoma mkataba kuliko mimi, nitamkabidhi funguo za kabati kwa mikono miwili, na nitakaa pembeni nijifunze kwake.