Dampa ya Krankishafti katika Magari Yetu Madogo ya Zamani

Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani, Dodoma



Kamati imeniomba niseme juu ya ile Morris Minor ambayo mwenzetu mmoja ameizawadia karakana ya shule, na hasa nijibu swali lililozua ubishi: je, fedha kidogo tulizochanga ziende kwenye rangi na viti, au kwenye dampa mpya ya krankishafti? Mimi nasema dampa.

Tukiitazama krankishafti twaona chuma kinene kisichopinda. Kumbe kila silinda inapowaka chuma hicho hujisokota kidogo, kisha hujirudi. Injini ya silinda nne huwaka mara mbili katika kila mzunguko. Kwa mizunguko 4,000 kwa dakika, hiyo ni misukumo 480,000 kwa saa. Kila krankishafti ina mwendo wake wa asili wa kutetema. Misukumo ya injini, au vitetemo vidogo vinavyofuatana nayo, ikilingana na mwendo huo, msokoto huongezeka mmoja juu ya mwingine kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Hapo bolti ya puli hulegea, cheni ya taimingi huchakaa, na mwishowe krankishafti yaweza kukatika.

Mfano wake tunao nyumbani. Mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani huweka majani juu ya maji. Hatua zake zikilingana na mawimbi, maji humwagika. Majani huyavunja nguvu mawimbi kabla hayajakua. Dampa hufanya kazi hiyo. Ni pete nzito iliyoshikwa kwa mpira kwenye kitovu cha puli. Kitovu kikitetema pete hubaki nyuma, na mpira huula ule mtetemo na kuugeuza joto.

Si kila gari linaihitaji. Volkswagen ile yenye mgongo wa kobe ina krankishafti fupi, na bila dampa ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Mini ya kwanza ya mwaka 1959, ya cc 848, nayo ilitoka na puli tupu. Lakini injini ya ukoo huohuo ilipokuzwa hadi cc 1,275 kwa ajili ya Mini Cooper S, gari la kukimbizwa, ilifungwa dampa. Na Morris yetu, kama mnavyojua, aliyekuwa nayo aliitoa injini ya cc 1,098 akaweka ya 1,275.

Dampa iliyokuja nayo imekwisha. Gari lilisimama juani miaka mingi, na kiangazi chetu cha Mei hadi Novemba hakiuhurumii mpira. Ubaya zaidi ni kwamba alama ya taimingi imechongwa kwenye pete ya nje. Pete ikiteleza, alama hudanganya. Fundi hupanga moto kwa kuifuata, injini ikagonga na kuchemka, naye akalaumu petroli!

Wapo waliosema tumwendee mchonga vyuma atutengenezee puli nzito. Hapana. Uzito mtupu hauli mtetemo. Hushusha tu ule mwendo wa asili, na huenda ukauleta palepale tunapoendeshea. Wala tusichukue dampa ya gari jingine, kwani mpira hupimwa kwa krankishafti yake. Kumbukeni pia barabara ya kwenda Kibaigwa: tambarare, dereva anashika mwendo mmoja muda mrefu. Ukiwa ndio mwendo mbaya, chuma hakipati pumziko.

Dampa mpya ziko za aina mbili. Moja ni ya mpira. Nyingine pete yake huelea katika ute mzito wa silikoni ndani ya kasha. Hufaa kwa miendo mingi, lakini kasha likibonyea haifai tena. Kwetu ya mpira, iliyotengenezwa kwa injini hii, yatosha.

Wakati wa kufunga, nyundo ikae mbali. Vuteni na kusukuma kwa kitovu, kamwe si kwa pete. Angalieni mkanda wa feni umenyooka na dampa haigusi rejeta. Kisha tafuteni wenyewe kilele cha pistoni ya kwanza: toeni plagi, wekeni kizuizi tunduni, zungusheni injini kwa mkono polepole hadi ikwame upande huu, kisha upande ule. Katikati ya alama hizo mbili ndipo kilele kilipo.

Mwisho, chora mstari wa rangi ukivuka kitovu, mpira na pete. Vijana wa kidato cha tatu waliuchora kwenye dampa ya zamani, wakaendesha gari kuzunguka uwanja wa mpira, na mstari ukakatika kwa upana wa kidole. Dampa hiyo iko mezani karakanani. Baada ya chakula njooni muione.