Kutoka Slaidi hadi Daftari la Vifo: Njia ya Mtu wa Maabara

Mhadhara wa umma uliotolewa Ndungu, Wilaya ya Same



Nimeombwa nieleze jinsi mtu wa maabara anavyofika kwenye afya ya jamii. Wengi hudhani kwamba ni lazima aiache darubini ndipo apewe ofisi. Mimi naamini darubini haiachwi. Kinachobadilika ni swali. Mwanzoni unauliza, "Damu hii ina vimelea?" Miaka ikipita unajikuta unauliza, "Watoto wa kijiji hiki wanakufa kwa nini, na nani anawahesabu?" Sehemu ya yale ambayo dunia imejifunza kuhusu swali hilo la pili ilipatikana hapa, kwenye tambarare iliyo chini ya milima ya Upare.

Kuanzia 1955 hadi 1959, watafiti wa taasisi ya malaria ya Amani kule Usambara, wakiongozwa na D. Bagster Wilson, walipulizia nyumba za tambarare ya Upare na Taveta dawa iitwayo dieldrin. Ilikaa ukutani miezi mingi, na mbu aliyeshiba damu akitua hapo alikufa. Walichotaka kujua kilizidi hesabu ya mbu. Jamii iliyoishi na malaria vizazi na vizazi, ukiiondolea ugonjwa huo kwa ghafla, afya yake inakuwaje? Kwa hiyo, pamoja na kutoboa vidole vya watoto na kupaka damu kwenye slaidi, waliandikisha vizazi na vifo daftarini. Nawaomba vijana mlishike hilo la daftari, maana nitalirudia.

Mbu aliyekuwa mwenezaji mkubwa ndani ya nyumba, Anopheles funestus, karibu atoweke kabisa. Lakini mbu waliofanana naye waliendelea kukamatwa, tena wakaongezeka. Mtu wa haraka angesema dawa imeshindwa. Watafiti Michael Gillies na Alec Smith hawakufanya haraka. Mbu hao wakishakua ni vigumu kuwatofautisha, ila viluwiluwi vyao vina alama zinazotengana, na ndiko walikokwenda kutazama. Mwaka 1960 walichapisha jibu: funestus ameondoka, na nafasi yake imechukuliwa na ndugu yake, Anopheles rivulorum, anayependa zaidi damu ya ng'ombe. Kujua kama dawa imeshindwa kulitegemea watu wenye subira juu ya meza ya maabara. Hakuna afya ya jamii bila subira ya namna hiyo.

Jibu hilo nalo halikuwa la mwisho. Mwaka 1996 Wilkes, Matola na Charlwood walionyesha, kwa mbu wa kaskazini mashariki mwa Tanzania, kwamba rivulorum naye anaweza kubeba malaria ya binadamu.

Huyo Matola napenda vijana wamjue. Y. G. Matola alikuwa miongoni mwa waandishi wa ripoti ya 1972 juu ya malaria ya Upare, miaka kumi na mmoja baada ya upuliziaji kusitishwa. Wakati huo walitumia kipimo cha kingamwili. Slaidi inakuonyesha vimelea vilivyomo kwenye damu leo. Kingamwili hubaki hata vimelea vikiisha. Ukiwapima watoto kwa umri wao, waliozaliwa wakati wa dawa na waliozaliwa baadaye, unaweza kusoma ni lini maambukizi yalianza kurudi. Mwaka 1981, Matola na S. A. Magayuka wakachapisha tena vipimo vya Upare, vya miaka ishirini baada ya dawa. Wageni walioanzisha mradi walikwisha ondoka, na nchi mbili, Tanganyika na Kenya, zilikwisha pata uhuru. Mtanzania akarudi kwa watu walewale kuuliza swali lilelile. Kwangu, hiyo ndiyo taaluma.

Na lile daftari lilisema nini? Wakati wa upuliziaji vifo vya watoto vilipungua. Dawa ilipokoma, malaria ikarudi polepole, na slaidi zikaonyesha hivyo. Lakini vifo havikupanda tena kufikia kiwango cha zamani. Watafiti walieleza kwamba huenda sababu ni dawa za malaria zilizokuwa zimeanza kupatikana kwenye zahanati na madukani. Kama wangehesabu vimelea peke yake, wangesema kila kitu kimerudi kama awali. Kama wangehesabu vifo peke yake, wangesema malaria imekwisha. Ukweli ulihitaji vyote viwili, na hapo ndipo mtu wa maabara anapovuka mpaka, atake asitake.

Wenceslaus Kilama aliuvuka kwa njia yake. Alisoma Marekani, Chuo Kikuu cha Notre Dame, kwa George Craig. Mwaka 1969 wakaonyesha kwamba uwezo wa mbu wa Aedes aegypti kupokea au kukataa kimelea cha malaria ya kuku unarithiwa kwa jeni moja. Kazi hiyo ni ya maabara tupu. Lakini Bunge lilipounda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kwa sheria ya 1979, yeye akawa mkurugenzi mkuu wake wa kwanza, na baadaye akaongoza mtandao wa kuyaandaa mataifa ya Afrika kujaribu chanjo za malaria yenyewe. Jeni ya mbu haikumzuia kufikiri juu ya bajeti, maadili na mafunzo ya vijana.

Sasa nije kwenye majaruba yenu, wakulima wa Ndungu. Skimu ya Ndungu iliyojengwa kwa msaada wa Japani inanywesha mpunga kwa maji ya mto Yongoma, na maji yaliyotuama huzaa mbu. Hata hivyo, Jasper Ijumba, Franklin Mosha na Steve Lindsay walipopima kule Moshi chini, walikuta kijiji cha mpunga kina mbu wengi zaidi na maambukizi machache zaidi kuliko kijiji kisicho na umwagiliaji. Mpunga ulileta fedha, fedha zikanunua vyandarua, na mbu wengi wa pale walinyonya ng'ombe. Tusibweteke. Uchambuzi wa tafiti za Afrika uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba nafuu hiyo imetoweka: malaria ilipopungua kwingine, vijiji vya mpunga ndivyo vilivyobaki na mzigo mkubwa. Siku hizi vyandarua vimefika hata vijiji visivyo na mpunga. Mbu wa jaruba bado yupo.

Kimelea nacho hakikai kimya. Deus Ishengoma na wenzake wameripoti kutoka Kagera vimelea vyenye badiliko la jeni linalopunguza kasi ya dawa za artemisinini. Kipimo cha haraka tunachotumia zahanati hakiwezi kuona jambo hilo. Tena hutafuta protini fulani tu, na kimelea kisichozitengeneza kinaweza kupita bila kuonekana. Kwa hiyo nasema wazi: zahanati ikifungia darubini kabatini kwa sababu kipimo cha haraka ni rahisi, imejitoboa jicho.

Wanafunzi wa Ndungu, someni biolojia na hesabu kwa pamoja, na mtakapopata kazi ya maabara mwulize kila jibu lenu linakwenda wapi baada ya kuandikwa. Kwa wazee na viongozi nina ombi moja. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Katika ajenda zake wekeni mambo mawili: mtaalamu wa maabara asome idadi ya waliopimwa na waliokutwa na malaria, na mtendaji asome idadi ya watoto waliozaliwa na waliofariki. Yasomwe siku moja, mbele ya watu wote. Anzeni na mkutano unaofuata.