Shule ni ya Misheni au ya Serikali?

Ndugu wafanyakazi, baba na mama wa Masisi na Walikale,

Kambini mabishano ni makali. Wengine wasema: dini na serikali zitengane, misheni zinyang'anywe shule. Kweli, Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 1, yasema dola letu halifungamani na dini yoyote. Nasi twakubali: padri asitunge sheria, waziri asipande mimbarini.

Lakini tukumbuke ya nyuma. Mwaka 1906 serikali ya Mfalme Léopold ilipatana na Roma: misheni zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Sisi makarani tulijifunza kusoma katika shule za misheni, wala hatuoni haya. Tarehe 31 Desemba 1974 Mobutu akazitwaa shule zote za makanisa. Kikafuata nini? Mzigo ukamshinda, na mwezi wa Februari 1977 akazirudisha makanisani zisimamiwe huko. Mpaka leo serikali ndiyo yenye kupanga masomo na kumlipa mwalimu (anapolipwa!), kanisa lasimamia.

Basi wenye kupiga kelele watujibu: misheni ikiondoka, nani ataezeka paa? Kifungu cha 204 chaipa jimbo shule za msingi na za sekondari, kwa kanuni za serikali kuu. Kifungu cha 175 chaliachia jimbo 40 kwa mia ya mapato ya taifa, yakatwe papo hapo kabla ya kwenda Kinshasa. Tena sheria ya madini ya 2018 yaipa jimbo 25 kwa mia ya mrabaha, na sekta au usheferi wenye machimbo 15 kwa mia. Bati ya Bisie haitoki mbinguni, inatoka migongoni mwetu.

Haki hizo ziliandikwa vizuri. Lakini mwezi wa Mei 2021 utawala wa jimbo ulitiwa mikononi mwa wanajeshi, na wajumbe wetu wa jimbo wakanyamazishwa. Mwaka 2024 Rubaya na koltani yake ikatwaliwa na M23. Jimbo lisilo na fedha wala wajumbe litaitawalaje shule? Litamwachia padri, kisha litamlaumu.

Twataka mtoto wa Mwislamu, wa Mprotestanti na wa Kimbangu aandikwe shuleni bila kuulizwa ubatizo. Kifungu cha 22 chamlinda.

Jumapili, baada ya misa, na wasiosali waje pia, tutaandika barua moja kuomba hesabu ya zile 15 kwa mia za Walikale: zilipokelewa na nani, zikajenga darasa gani.