Nani Anamfundisha TA Kufundisha Siasa?

(Niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wa vyuo. Nimepunguza salamu tu.)

Makamanda, mimi nasoma sheria, msije mkaniuliza naingiliaje idara ya watu. Kozi za siasa na maendeleo tunazisoma wengi. Na semina ya siasa ndiyo sehemu pekee unayoweza kubishana kuhusu serikali bila kupeleka taarifa polisi saa 48 kabla.

Semina hiyo anaiongoza nani? Mara nyingi ni TA. Kaajiriwa kwa GPA, 3.8 kwenda juu, na anasoma masta huku anatufundisha. Mwalimu wa sekondari hatumwachii darasa bila kusomea ualimu na kwenda mazoezi. Huyu anapewa chumba cha watu mia na slaidi za bosi wake, basi. Baadhi ya vyuo vina kozi fupi za ufundishaji, sawa, ila kozi ya jumla haimwandai mtu kwa darasa ambalo kila swali linaweza kugusa Ikulu.

Matokeo mnayajua: madesa, prezentesheni, tunasaini, tunasepa.

Chukueni ibara ya 41(7) ya Katiba. Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iko hapo Arusha tu, ikaamua kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Hiyo ni semina nzima! TA aliyeandaliwa angegawa darasa: hawa watetee ibara, hawa waipinge, baada ya dakika ishirini wabadilishane. Wa kwetu, chuo sikitaji, alisoma slaidi moja. Mtu akauliza swali, akajibiwa, "Hilo tuliache, lina siasa." Kwenye kozi ya siasa! Tulicheka sana. Lakini yule kaka hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kuendesha mabishano, na ajira yake bado haijathibitishwa. Mngekuwa nyie?

Wenzetu wanalihangaikia hili. Marekani, ambako wanafunzi wa PhD huongoza vikundi vya majadiliano, chama cha wanasayansi ya siasa kina mkutano maalumu wa ufundishaji tangu 2004. Kwa hiyo si jambo la kubuni.

Ninachotaka kiingie kwenye mapendekezo yetu ya elimu ni muhula mmoja kabla ya kumkabidhi mtu semina. Akae kwenye madarasa ya wengine, kisha aongoze mwenyewe huku mzoefu amekaa nyuma. Afundishwe kutunga swali lisilojibika kwa kukariri, na kulisahihisha kwa haki. Aruhusiwe Kiswahili kwenye majadiliano, maana watu wanaobishana vizuri kantini wakifika kwenye Kiingereza wanakuwa wapole ghafla. Na iandikwe kabisa: swali lililoulizwa darasani lisigeuzwe kesi ya nidhamu, kwa mwanafunzi wala kwa TA.

Hapa baadhi yenu mtanuna. Sitaki TA wa chama chetu. Kijana wa CCM akizibwa mdomo kwenye semina hiyo, mafunzo yamefeli vilevile. Nimesikia mtu hapa akisema tukishika nchi tutaweka watu wetu vyuoni. Huyo akae karibu na mimi wakati wa chai, tuna mazungumzo.

Rasimu anayo katibu, maoni mwisho Ijumaa. Mnaosoma siasa na mnafikiria kubaki kufundisha, nyie ndio muikosoe kwanza.