TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE: TUJIPANGE KABLA MVUA ZA VULI HAZIJAANZA

*Haya ni maelezo ya Kamati ya Tawi yaliyosomwa kwenye mkutano wa Jumapili. Tunayatuma kwa wote, waliofika na ambao hawakufika. Tafadhali soma hadi mwisho.*

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana,

Mkoa wetu wa Kagera hupata vuli mapema kuliko sehemu nyingi za nchi. Kwa hiyo tumewaita tuzungumze jambo moja tu: maji yakija saa tisa usiku, nani atamwamsha nani?

Tunasema usiku kwa sababu. Sisi wa magharibi mwa Ziwa Victoria tunajua mvua zetu kubwa hupenda kushuka kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Mawingu hujikusanya juu ya ziwa usiku, upepo wa mashariki huyasukuma kwetu, na ngurumo hutukuta vitandani. Vimbunga vya Bahari ya Hindi, kama Hidaya kilichofika pwani Mei 2024, havifiki Bukoba. Lakini sisi hatuhitaji kimbunga ili tufurikiwe. Mvua ya saa chache juu ya vilima inatosha.

Mji wa Bukoba uko chini ya vilima vyenye miamba. Maji hayazami, yanateremka. Yanaingia Mto Kanoni, unaokata mji na kumwaga ziwani. Ziwa likiwa juu, mto unakosa pa kumwagia haraka na unarudi kwenye makazi. Mei 2020 ziwa lilivunja rekodi ya mwaka 1964. Mei 2024 likavunja tena ile ya 2020. Masika hayo ya 2024, wenzetu wa mabondeni waliona maji yakiingia majumbani. Hatuna haja ya kuwasimulia.

Muleba, ambako wengi wetu tuna wazazi na vibanja, shida ina sura nyingine. Chini ya miteremko mikali, kama kwenye kingo za Kamachumu, hofu ni udongo na mawe. Bonde la Ngono maji hupanda taratibu, kisha hukaa. Visiwani, Bumbire na Goziba, hatari ni dhoruba inayomkuta mvuvi majini.

Tusidhani maporomoko ni habari za wengine. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang na kuua zaidi ya watu 80 Katesh na vijiji vya jirani. Nao walikuwa wameuzoea mlima wao.

*Ndugu wanachama,*

Msaada wa kwanza ni jirani. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani hapa Bukoba katika hali mbaya ya hewa, ilikuwa na watu 43. Wavuvi ndio waliotangulia kufika, na mitumbwi yao. Watu 24 waliokolewa, 19 tukawazika. Hatusemi hivi kuwabeza Zimamoto na Uokoaji. Namba yao ni 114 na kila mmoja aiweke kwenye simu sasa hivi. Tunasema kwa sababu barabara ikikatika, gari halifiki, na aliye karibu na bibi mwenye miguu mibovu ni wewe.

Ndiyo maana Kamati imeomba tuandike orodha ya kaya zilizo bondeni na chini ya miteremko: nani ni mgonjwa, nani ni mzee anayeishi peke yake, nani ana watoto wachanga.

Mkutanoni baadhi yenu mlipinga, na tunaheshimu hoja yenu. Mlisema: leo mnaandika majina ili mtuamshe, kesho orodha hiyo itatumika kutuhamisha. Ni hofu ya kweli. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni na ziwani, na wapo waliojenga humo kwa sababu kiwanja cha mlimani hawakukimudu. Hatutawadanganya kwamba sheria hiyo haipo, wala kwamba tunaweza kuizuia.

Tulichokubaliana ni hiki. Orodha itaandikwa kwenye daftari, haitapigwa picha, haitatumwa kwenye kundi hili wala lingine. Itakaa kwa watu watatu wa mtaa husika, waliochaguliwa na wenye nyumba wenyewe. Asiyetaka kuandikwa hatalazimishwa, ila tunamwomba amtaje jirani mmoja wa kumgongea mlango. Suala la makazi tutalipeleka kwa madiwani na halmashauri kama hoja inayojitegemea, tukidai kwamba anayetakiwa kuhama aonyeshwe kwanza pa kwenda.

*KAZI ZA WIKI MBILI HIZI*

*1.* Kila wanachama watatu wachukue nyumba kumi jirani. Wapange nani anagonga mlango upi, na watu wanakimbilia wapi: mahali pa juu, na njia isiyovuka mto wala kalavati. Njia hiyo muitembee kwa miguu, mkiwa na watoto.

*2.* Jumamosi tunazibua mitaro na makalavati. Chupa za plastiki na taka tunazotupa juu ndizo zinazoziba chini. Njooni na majembe na viroba.

*3.* Vyeti, hati za viwanja, kadi za bima na dawa viwekwe kwenye ndoo moja yenye mfuniko, mahali pa kuifikia gizani.

*4.* Wa Muleba na vijijini: acheni kuchoma rweya. Nyasi zikiisha, maji hushuka kwa kasi na kubeba udongo. Kibanja chenye matandazo ya kutosha hukaa. Mkiona ufa mpya ardhini, miti inayoinama, au chemchemi iliyogeuka tope, ondokeni siku hiyo hiyo, msisubiri usiku.

*5.* Fuatilieni Mamlaka ya Hali ya Hewa. Angalizo ni rangi ya njano, tahadhari ni machungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Wavuvi, ikitoka tahadhari ya upepo na mawimbi, mtumbwi ubaki ufukweni.

*6.* Simu huzima chaji na mtandao hukatika. Tutaongea na viongozi wa misikiti na makanisa kuhusu vipaza sauti na kengele. Pasipo na hivyo, enduru ya wazee wetu bado inasikika.

*7.* Maji yakiingia: zima umeme kwenye swichi kuu ukiwa bado umesimama pakavu. Usivuke maji yanayokimbia, hata ya magotini, na bodaboda asikushawishi. Baada ya hapo chemsha maji yote ya kunywa, maana vyoo vikifurika kipindupindu hufuata.

*Mwisho, ndugu zetu,*

Kazi hii si ya kutafuta kura. Katika nyumba kumi utakazopewa, wamo wa vyama vingine na wasio na chama. Gongeni milango yote. Mwanachama yeyote atakayemuuliza mtu kadi kabla ya kumpa mkono, au atakayevaa sare ili apigwe picha akigawa unga, atakuwa ameliaibisha tawi, na Kamati itamwita. Panapokuwa na kamati ya maafa ya mtaa au kijiji, tufanye kazi chini yake. Pasipo na kamati hai, tumwombe mwenyekiti wa mtaa aitishe kikao.

Jumapili ijayo kila watatu walete jibu la maandishi kwa swali tulilouliza: nani anamwamsha nani. Ambaye hajapata nyumba zake kumi aonane na Katibu kabla ya Jumamosi.

Mungu atulinde, nasi tulindane.

*Imetolewa na Kamati ya Tawi.*
*Msomee na jirani asiye na simu ya kisasa.*